Chitradurga na mama mwenye magoti yanayouma: fuateni maji, si kilele

Swali la msomaji: Shikamoo Mwalimu. Ninasomea ufamasia hapa Bengaluru, India, na mwezi wa Desemba mama yangu atakuja kutoka Tanga kunitembelea. Wenzangu wa darasani wananisihi nimpeleke Chitradurga tukaone ngome ya mlimani. Mama ana miaka 61 na magoti yanamsumbua, ingawa kutembea polepole anaweza. Je, safari hiyo inamfaa? Siku moja inatosha kwenda na kurudi? Na kile kisa cha mwanamke aliyewaua askari kwa mchi ni cha kweli, au ni hadithi ya kuwafurahisha watalii?

Jibu: Marahaba, mwanangu, na mama akifika mpe salamu zangu.

Nianze na majibu mafupi. Safari inamfaa mama yako. Siku moja haitoshi: kutoka Bengaluru ni kilomita 200 hivi kuelekea kaskazini-magharibi, mwendo wa saa nne kwa basi, na mkitaka kwenda na kurudi siku hiyo hiyo mtaingia ngomeni wakati wa jua la utosi, mawe yakiwa yameshika moto na mama akiwa amechoka kabla hajapanda hata ngazi moja. Laleni mjini usiku mmoja. Ama kuhusu mwanamke mwenye mchi, nitaeleza kwa urefu mbele kidogo, kwa sababu swali hilo ni zito kuliko ulivyoliuliza.

Kubwa kuliko yote hayo ni namna ya kuitazama ngome yenyewe. Wageni wengi, vijana hasa, huichukulia kama mlima wa kupandwa. Hukimbilia buruji la juu, hupiga picha na mitambo ya umeme wa upepo iliyosimama kwenye vilima vya mbali, kisha hushuka wakiridhika kwamba wameiona Chitradurga, na kumbe wamepita kando ya mabirika yaliyochongwa mwambani bila kujiuliza yaliwekwa pale kwa nini. Msimamo wangu ni kwamba ngome hii ilikuwa kazi ya maji kabla haijawa kazi ya vita. Anayeyafuata maji ataielewa yote, na kwa bahati njema njia ya maji haipiti kwenye sehemu zile zinazotesa magoti.

Fikiria kwanza mahali penyewe. Mji wa Chitradurga uko kwenye uwanda wa juu wa jimbo la Karnataka, mita zaidi ya 700 kutoka usawa wa bahari, katika ukanda mkavu ambao mvua za pepo za kusi huufikia zikiwa zimekwisha kumwaga sehemu kubwa ya maji yake kwenye milima ya magharibi. Katikati ya ukavu huo vimesimama vilima vya matale, mwamba mgumu wenye umri wa zaidi ya miaka bilioni mbili, vikiwa vimerundikana mawe makubwa kama nyumba, mengine yakiwa yamekaa juu ya mengine kwa namna inayomfanya mgeni asite kupita chini yake. Ngome ilijengwa kwa kuyaunganisha mawe hayo. Palipokuwa na mwamba wa kutosha hapakujengwa ukuta, na palipokuwa na pengo pakazibwa kwa matofali ya mawe yaliyochongwa. Wenyeji wanaiita kwa jina lenye maana ya ngome ya mizunguko saba, kwa sababu kuta zake zimezungukana kutoka uwandani hadi mlimani, na mji wa leo umelala miguuni pake ukiwa umemeza sehemu za kuta za chini, kiasi kwamba mtu anayekwenda sokoni anaweza kupita kando ya ukuta wa kale bila kugeuza shingo.

Watu waliishi na kupigana hapa tangu zamani sana, lakini waliokijenga kile mtakachokiona ni wale watawala walioitwa Nayaka. Walikuwa wa jamii ya Beda, watu wa uwindaji na askari hodari, na katika karne ya 16 walikuwa wakuu wa eneo hili chini ya dola kubwa ya Vijayanagara. Dola hiyo iliposhindwa vitani mwaka 1565, magavana wake wengi walijikuta hawana bwana, na Nayaka wa Chitradurga walikuwa miongoni mwa wale waliojisimamia na kudumu. Kwa muda wa zaidi ya miaka 200 walitawala kutoka mlima huu, kila mmoja akiongeza ukuta, lango, hekalu au birika. Ndiyo maana msiitafute ramani moja iliyopangwa tangu mwanzo. Ngome imekua kipande kwa kipande, na mwenye jicho atatambua mahali ambapo fundi wa kizazi kimoja alimwachia kazi mwenzake wa kizazi kingine.

Sasa maji. Jeshi likizingira mlima halina haja ya kuvunja kuta ikiwa waliomo ndani watakufa kwa kiu, na kwenye nchi kavu kama hii hilo lingechukua siku chache tu. Mafundi wa Chitradurga waliliona tatizo hilo na wakaona pia jibu lake liko katika ugumu wa mwamba wenyewe: matale hayanyonyi maji, kwa hiyo kila tone linaloanguka mlimani lazima literemke. Wakaufanya mlima wote kuwa kama paa la bati, wakachonga mifereji, wakaziba mabonde kati ya mawe, na maji yakakusanywa katika mabirika yaliyopangwa kwa ngazi. Birika la juu likijaa, ziada yake haipotei, bali huteremkia lililo chini yake. Mtaliona jambo hili wazi kwenye Gopalaswamy Honda, bwawa lililo ndani ya ngome karibu na hekalu la jina hilo, ambalo likifurika hulipelekea maji bwawa la Akka Tangi. Huko mjini, chini kabisa, liko Sihineeru Honda, bwawa la maji matamu, na Santhe Honda, bwawa la sokoni, ambayo yalikuwa sehemu ya mpango huo huo wa kuwanywesha watu wa mlimani na wa uwandani kwa mvua moja. Kwa hiyo aliyekuwa juu alikuwa mlinzi wa maji ya aliyekuwa chini, na nadhani hapo ndipo palipokuwa na nguvu ya Nayaka kwa raia wao kuliko kwenye mizinga yao.

Mkifika Gopalaswamy Honda, mkalishe mama kivulini na wewe uzunguke ukingo wake. Tazama jinsi upande mmoja ulivyo mwamba wa asili na upande mwingine ulivyo ukuta wa mawe yaliyopangwa, na utafute mahali maji yanapotokea. Desemba ni mwezi mzuri kwa sababu mvua zinakuwa zimepita si muda mrefu na kwa kawaida bwawa linakuwa na maji. Anayekuja Aprili huona maji ya kijani yaliyopungua na hudhani ni shimo tu lililosahaulika.

Kutoka lango la kuingilia hadi huko mtapita kwenye malango kadhaa, nayo yanastahili mwendo wa taratibu. Njia haiendi moja kwa moja. Ukipita lango moja unakutana na ukuta usoni, unalazimika kugeuka kwenye njia nyembamba iliyofungwa pande zote mbili, na lango linalofuata huoni mpaka uwe umelifikia. Hilo lilifanywa makusudi: tembo wa vita aliyefunzwa kuvunja milango anahitaji nafasi ya kukimbia, na hapa hana, huku askari wanaomfuata wakiwa wamebanana chini ya watu wenye mawe na mafuta ya moto. Kwenye vizingiti vya juu na vya chini vya malango utaona matundu ya duara yaliyochongwa kwenye jiwe. Humo ndimo vilimozungukia vigingi vya milango mikubwa ya mbao ambayo sasa haipo. Weka kidole ndani ya tundu la chini uhisi jinsi lilivyolainika.

Kisha mwonyeshe mama mistari ya mashimo madogo kwenye miamba iliyo kando ya njia, mashimo yaliyo sawa kwa ukubwa na yaliyoachana kwa umbali sawa. Hizo ni alama za kabari. Fundi alitoboa safu ya mashimo, akatia kabari, akazigonga hadi jiwe likapasuka katika mstari aliouchagua. Sehemu nyingine jiwe lilikataa kupasuka au kazi iliachwa njiani, na safu ya mashimo imebaki ikiwa haina mpasuko. Matofali yaliyopatikana kwa kazi hiyo yalipangwa ukutani bila chokaa katika sehemu nyingi, yakishikana kwa uzito na kwa usahihi wa mchongo, na bado yamesimama.

Tuje kwa Obavva. Kisa chenyewe, kama kinavyosimuliwa Chitradurga, ni hiki. Hyder Ali, mtawala wa Mysore, alikuwa ameizingira ngome wakati wa Madakari Nayaka, wa mwisho katika ukoo ule, na kuta zilikuwa zimemshinda. Watu wake wakagundua mwanya kati ya miamba ambao mtu mmoja angeweza kupenya kwa kujikunja. Aliyekuwa zamu karibu na mahali hapo alikuwa Kahale Mudda Hanuma, mpiga baragumu wa ngome, naye alikuwa amekwenda nyumbani kula chakula cha mchana. Mkewe Obavva alitoka kumchotea maji ya kunywa kwenye kisima kidogo kilicho karibu na mwanya ule, akasikia minong'ono ya wanaume upande wa pili wa jiwe. Hakumkatisha mumewe chakula. Akauchukua mchi wake wa kutwangia, akasimama ubavuni mwa mwanya, na kila askari aliyetoa kichwa alimpiga, akamvuta pembeni ili anayefuata asione mwili wa mwenzake. Mumewe alipomaliza kula na kurudi zamu, alimkuta mkewe ameshika mchi uliojaa damu na maiti zimezagaa kando yake. Akapiga baragumu, askari wa ngome wakaja, na shambulio likashindwa. Obavva mwenyewe hakuiona siku iliyofuata. Wengine husema aliuawa na adui katika vurugu hiyo, na wengine husema moyo ulimshinda kwa yale aliyoyafanya.

Je, ni kweli? Vita vya Hyder Ali na Chitradurga ni historia isiyo na shaka, na mahali penyewe papo. Mwanya unaoitwa Obavvana Kindi umefanana na kisa kwa kila hali: mtu hawezi kupita isipokuwa mmoja mmoja, ameinama, kichwa kikitangulia, na aliye ndani ana nafasi ya kusimama ilhali aliye njiani hana nafasi hata ya kuinua mkono. Hata maji yapo, kwa maana kisima kidogo cha maji baridi anayotajwa kuyachota kiko hatua chache tu kutoka hapo. Tarehe ya tukio na idadi ya waliouawa hutajwa kwa namna nyingi, na mtu yeyote atakayekupa idadi kamili amejitungia. Lakini zingatia jambo moja ambalo waongozaji wengi hulipita haraka. Obavva anakumbukwa kuwa mtu wa jamii ya Holeya, watu waliohesabiwa kuwa wasioguswa, ambao kivuli chao chenyewe kilionwa kuwa najisi na wenye tabaka la juu. Waandishi wa habari za wafalme hawakuwa na desturi ya kutaja wake za walinzi, sembuse wa tabaka hilo. Kumbukumbu yake imetunzwa midomoni mwa watu wa mji huu kizazi baada ya kizazi, pamoja na jina la mumewe, kazi yake na chakula chake cha mchana. Mimi kama mwanahistoria ninaipa uzito mkubwa kumbukumbu ya namna hiyo, hasa pale ambapo ardhi yenyewe haiipingi. Uwanja wa michezo wa mji unaitwa kwa jina lake, na tangu mwaka 2021 serikali ya Karnataka huiadhimisha siku yake kila tarehe 11 Novemba. Nadhani mama yako, ambaye bila shaka ameshika mchi maisha yake yote, ataelewa kuliko mimi na wewe uzito wa kazi ile mikononi.

Kuhusu kuufikia mwanya wenyewe, kuna ngazi za kushuka, nazo ni nyembamba. Mshike mkono, na asijaribu kupenya katikati ya miamba kama vijana wanavyofanya ili wapigwe picha. Kuuona kutoka upande wa ndani kunatosha, tena ndiko aliposimama Obavva.

Ngome ilianguka hata hivyo. Madakari na Hyder waliwahi kuwa washirika kabla hawajakosana, na baada ya mizingiro zaidi ya mmoja Hyder aliitwaa Chitradurga mwaka 1779. Masimulizi mengi yanasema kuta hazikuvunjwa, ila baadhi ya askari wa ndani walishawishiwa. Madakari alichukuliwa mateka hadi Srirangapatna, makao makuu ya Hyder, na huko ndiko alikofia. Maelfu ya Beda walihamishwa pamoja naye, na vijana wao wakaingizwa katika vikosi vya Mysore. Hyder na mwanawe Tipu Sultan waliimarisha sehemu za ngome na kuziongezea nyingine, hadi Tipu naye alipouawa na jeshi la Waingereza tarehe 4 Mei 1799. Kwenye bwawa la Akka Tangi mtasimuliwa kwamba wake wawili wa Madakari, waliokuwa ndugu wa tumbo moja, walijitosa humo mume wao alipotekwa. Hilo siwezi kulithibitisha kama ninavyoweza kuzithibitisha tarehe za vita, lakini mtakapokuwa mmesimama pale mtajua kwa nini wenyeji huteremsha sauti.

Sasa njia ninayokupendekezea. Ingieni mapema, kwani ngome hufunguliwa saa kumi na mbili asubuhi, na saa mbili za kwanza ndizo zenye baridi ya kupendeza na watu wachache. Pitieni malango taratibu, mkipumzika kila mnapopata kivuli. Si mbali na sehemu ya chini kuna shimo kubwa lililojengewa mawe, lenye mawe manne makubwa ya kusagia baruti, yaliyokuwa yakizungushwa na wanyama. Usilikose, kwa sababu ni nadra kuona kiwanda cha silaha cha karne ya 18 kikiwa kimebaki mahali pake. Karibu na hapo mtaonyeshwa pia mashimo ya kuhifadhia mafuta. Kisha pandeni hadi eneo la mahekalu, ambalo ni tambarare kiasi cha mama kutembea bila tabu. Kuna hekalu la Sampige Siddeshwara, kuna nguzo ndefu ya taa na nguzo za mawe za pembea iliyotumiwa katika sherehe, na kuna hekalu la Hidimbeshwara, lenye uhusiano na jitu Hidimba wa utenzi mkuu wa Mahabharata, ambamo huhifadhiwa jino linalosemwa kuwa lake. Kwenye mahekalu yanayotumika vueni viatu, na mama ajifunike mtandio wake kama alivyozoea. Hakuna atakayewauliza dini yenu. Magofu ya ikulu ya udongo, ghala na mahali palipopigwa sarafu yako mbele zaidi, na hayo nayaacha kwa hiari yenu kulingana na hali ya magoti. Kutoka hapo kateni kuelekea Gopalaswamy Honda na Akka Tangi, mkae hapo muda mrefu kuliko mahali pengine popote, halafu mteremke polepole kabla jua halijawa kali.

Buruji la juu linaloitwa Tuppada Kola mama asilipande. Hakuna ngazi pale, kuna vishimo vya kukanyagia tu vilivyochongwa kwenye mwamba ulioinama, na kushuka kwake ni kugumu kuliko kupanda. Ukitaka wewe, panda yeye akiwa na mwongozaji chini. Mandhari ni mapana, lakini hayatakufundisha jambo ambalo bwawa halijakufundisha.

Mwongozaji mchukueni. Wako langoni, wengi wanazungumza Kikannada na Kihindi, na wapo wanaojua Kiingereza. Patana naye bei kabla ya kuanza, na umwambie tangu mwanzo kwamba mnataka kuonyeshwa mifereji na mabirika na kwamba mama anatembea polepole. Bila kuambiwa hivyo atawakimbizia juu, kwa sababu ndivyo wageni wengi wanavyotaka. Bebeni maji ya kunywa yasiyopungua lita mbili, vaeni viatu vya soli ya mpira kwani matale yamelainishwa na miguu ya watu, na chakula msikishike mkononi hadharani, maana nyani wa ngomeni hawana subira. Vyoo vitumieni kabla ya kuanza kupanda.

Nilisema mlale mjini, na hilo linawapa alasiri ya siku ya kwanza. Itumieni kwenda Chandravalli, bonde lililo kilomita chache kutoka mjini, kwa bajaji. Pana bwawa kati ya vilima, mapango ya watawa yenye vyumba vilivyochongwa chini ya mwamba, na kando ya hekalu la Bhairaveshwara kuna maandishi ya karne ya 4 kwenye jiwe, ya Mayurasharma, mwanzilishi wa ufalme wa Kadamba. Maandishi hayo yanahusu bwawa. Yaani zaidi ya miaka 1,000 kabla ya Nayaka, mfalme aliyetaka jina lake likumbukwe mahali hapa alilihusisha na maji yaliyozuiliwa bondeni. Wanaakiolojia wamechimba hapa, akiwemo Mortimer Wheeler mwaka 1947, na katika bonde hili zimepatikana sarafu za ufalme wa kale wa Satavahana na za Roma. Hiyo ina maana kwamba mji huu wa bara, mbali na pwani zote mbili, ulifikiwa na fedha iliyovuka Bahari ya Hindi wakati ambapo bandari zetu za Afrika Mashariki nazo zilikuwa zikipokea majahazi ya biashara hiyo. Mapangoni ni giza, sehemu nyingine mtu huinama sana. Ingia wewe na mwongozaji mwenye tochi, mama abaki bwawani. Ukianza Chandravalli siku ya kwanza, ngome ya siku ya pili itakuwa rahisi kuielewa.

Kuhusu usafiri, chukueni basi la KSRTC, shirika la mabasi la jimbo, kutoka stendi kuu ya Kempegowda, ambayo watu wa Bengaluru huiita Majestic. Mabasi ya kwenda Davangere, Hubballi na Belagavi hupitia barabara hiyo hiyo, lakini mengine hupita nje ya mji, kwa hiyo uliza kabla ya kulipa kama basi linaingia stendi ya Chitradurga, la sivyo mtashushwa barabarani na mizigo. Treni zipo chache na zinazunguka. Sizishauri kwa safari fupi kama hii.

Hoteli ichague kwa uangalifu. Sheria ya India inamtaka mwenye nyumba ya wageni kuwaandikisha wageni wote wa nje kwa serikali, na baadhi ya nyumba ndogo hukataa wageni wa nje kwa kukwepa kazi hiyo. Piga simu siku moja kabla, useme wazi kwamba nyinyi ni Watanzania, ili msikataliwe mlangoni usiku. Bebeni pasipoti halisi, viza ya mama iliyochapishwa, na wewe kibali chako cha ukaazi cha mwanafunzi. Na kabla ya hayo yote, mama asiondoke Tanga bila cheti cha chanjo ya homa ya manjano aliyochanjwa angalau siku kumi kabla ya kufika, kwani India huwadai cheti hicho wasafiri wanaotoka nchi zenye hatari ya ugonjwa huo, na asiye nacho anaweza kuwekwa karantini. Fedha taslimu za noti ndogo msizikose, kwa sababu wauzaji wengi wamezoea kulipwa kwa simu kwa mfumo wa UPI na chenji yao ni haba. Tiketi ya ngome kwa mgeni wa nje ni ghali mara nyingi kuliko ya raia. Msione mmeonewa, ndivyo ilivyo kwa maeneo ya kale ya India nzima.

Chakula hakitawapa shida. Nchi hii ya ukame ni nchi ya ulezi na mtama. Ulizeni ragi mudde, donge la ulezi lililosongwa, ambalo mama hatahitaji kufundishwa namna ya kulimega, ila wenyeji hulichovya kwenye mchuzi na kulimeza bila kutafuna. Mkate mwembamba wa mtama, jolada rotti, huliwa na bilinganya na chatini ya karanga yenye pilipili. Hoteli nyingi ni za wasiokula nyama. Wanaotaka nyama halali wataipata kwa kuuliza karibu na misikiti ya mjini.

Mkibaki na siku ya tatu, wenzako watakushauri muende Hampi, magofu ya mji mkuu wa Vijayanagara, zaidi ya kilomita 130 kaskazini. Kwa mara hii usiende. Hampi inahitaji siku zake, na kwa magoti ya mama ni afadhali mpande basi la mchana kurudi Bengaluru, au mkipata teksi kwa bei nzuri mpitie bwawa la Vani Vilas Sagara karibu na Hiriyur, kilomita 40 hivi kusini-mashariki, lililojengwa na watawala wa Mysore na kukamilika mwaka 1907. Gari hufika karibu kabisa na ukuta wake, kwa hiyo mama hatakuwa na haja ya kupanda tena.